Mshirika Asiyeimba

Jirani yangu hapa Kasulu hufyeka majani ya uwanjani kwake kila Jumamosi, na harufu yake ikivuka ua na kuingia dirishani kwangu, naacha ninachofanya. Si harufu ya ajabu. Ni majani mabichi yaliyokatwa tu, yenye utamu kidogo na uchungu kidogo. Wengine wakisikia ubani au nta ya mshumaa wanakumbuka ibada. Mimi nakumbuka kwa majani, kwa sababu kanisa letu la utotoni halikuwa na sakafu. Lilikuwa na udongo, na kila Jumamosi mama zetu waliteremka bondeni kukata majani ya kutandika, ili kesho yake watu wapige magoti bila kuchafua nguo. Ibada ikirefuka sana, mbuzi wa majirani walichungulia mlangoni kuangalia kama tumemaliza, maana baada yetu majani yale yalikuwa yao.

Hicho kilikuwa kijiji kipya, upande wa Kibondo, miaka ya sabini. Kabla ya hapo kila familia ilikuwa na mlima wake, migomba yake na maharage yake, na ukitaka kumwona jirani ulipiga kelele kwanza. Kisha wakaja wakubwa wa serikali wakatuambia tuhamie kando ya barabara, tukae pamoja, tupate shule, maji na zahanati. Tukahama. Nakumbuka Baba akibeba mlango wa nyumba yetu ya zamani kichwani, akitembea nao kama mtu aliyebeba meza, na mimi nyuma yake na kuku wawili. Shule ilikuja mapema. Maji yalichelewa. Zahanati ilichelewa zaidi.

Kanisa tulijenga wenyewe, la miti na udongo. Mchungaji alikaa Kasulu, akaja kwa pikipiki mara chache kwa mwaka kubatiza na kutoa Meza ya Bwana. Siku nyingine zote tulikuwa chini ya Mwinjilisti Gideoni, kijana mpole aliyehubiri kwa Kiswahili na kuonya kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani. Juu yake, ingawa kwa utaratibu alipaswa kuwa chini yake, alikuwapo Mzee Filipo, mkubwa wa wazee wa kanisa. Mzee Filipo alikuwa na koti moja zito la rangi ya kahawia. Alilivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha, na sisi watoto tuliamini amezaliwa nalo.

Mama yangu aliitwa Debora, ila kijiji kizima kilimwita Mama Eunisi, kwa jina langu mimi kifungua mimba. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Mwinjilisti alitaja wimbo, akakohoa kidogo, kisha akamtazama Mama, na kanisa zima likasubiri. Mama hakusimama wala hakunyanyua mkono. Alifungua kinywa tu, sauti ikatoka, nyembamba mwanzoni, halafu ikapanuka mpaka ukaona hata wanaume wa benchi la nyuma, ambao kwa kawaida walikuja kupumzika, wanakaa sawasawa. Mara nyingine alianzia juu mno na Mzee Filipo akabaki njiani, akitikisa kichwa kama anayekubaliana na maneno, na mimi niliyemjua Mama nilijua amefanya makusudi.

Surua ilikuja mwisho wa mvua za mwaka wa pili. Mimi nilikuwa nimeugua zamani, kule mlimani, kwa hiyo ilinipita. Mdogo wangu Yona alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujifunga vifungo vya shati mwenyewe, na alikataa kusaidiwa hata kama asubuhi nzima ingepita. Rahabu alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Walikufa wote wawili wiki ile ile, Rahabu kwanza.

Siku ya Yona nilikuwa nimetumwa maji. Niliporudi niliwaona wanawake wamejaa uani, wamekaa chini, nikaelewa bila kuambiwa. Nilichofanya ni kushusha ndoo polepole isimwagike. Nakumbuka nilijivunia kwamba haikumwagika. Watu walisema baadaye mtoto huyu ana moyo mgumu, hakutoa chozi. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa nikitafuta huzuni ndani yangu kama mtu anavyopapasa kiberiti gizani, na sikuipata mahali nilipodhani inakaa. Nilimtazama Mama ili nione yeye anafanyaje. Mama alikuwa amekaa, mikono imelala mapajani, viganja juu, na uso wake ulikuwa kama uso wa mtu anayesubiri gari.

Kanisa lilituzikia. Wanaume walichimba, kwaya ikaimba, Mzee Filipo akaomba maombi marefu ndani ya koti lake. Mama alisimama kando ya kaburi midomo imefungwa. Kila mtu aliona ni sawa. Nani angeimba akiwa mahali pale?

Lakini Jumapili ikafika, Mwinjilisti Gideoni akataja wimbo, akakohoa, akamtazama Mama. Kimya. Akakohoa tena. Mwishowe mama mmoja upande wa dirishani akaanzisha, chini sana, tukaimba wote kama watu wanaosukuma jiwe. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Baada ya muda Mama akaacha kwenda.

Kilichowachanganya watu ni kwamba hakuacha kitu kingine chochote. Angelala kitandani na kujifunika, wangeelewa. Alilima. Alipika. Alisuka nywele zangu, akasalimia wapita njia, akaitikia salamu mpaka mwisho wake. Jumapili tu, sisi tukivaa, yeye alichukua jembe dogo akaenda kupalilia karanga nyuma ya nyumba.

"Leo huendi?" Baba alimwuliza siku moja.

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo yalikuwa karibu yameisha. Alisimama akizungusha kofia yake mkononi. "Watu wataniuliza."

"Waambie nikiimba nitakuwa nadanganya," Mama alisema. "Na nikikaa bila kuimba wananitazama. Sasa bora karanga."

Mchungaji alikuja na pikipiki yake, Meza ya Bwana ikaandaliwa, Mama hakuja. Mchungaji akaja tena, Mama hakuja tena. Hapo ndipo jambo likawa la wazee.

Walifika nyumbani mchana mmoja: Mzee Filipo, Mwinjilisti Gideoni, na Mama Damari aliyeongoza akina mama. Mama Damari alikuwa mnene, wa kucheka kwa mwili wote, na alikuwa amezika watoto wake mwenyewe enzi za mlimani. Baba aliwapa vigoda. Mama alikaa mkekani na mimi nikakaa ubavuni pake, bega langu kwenye mkono wake. Mkono ulikuwa wa moto kama kawaida. Nilikuwa na tabia ya kuugusa siku hizo, kuhakikisha.

"Mama Eunisi," Mzee Filipo alianza, "hatukuja kugombana. Msiba wenu ni msiba wetu, tulikuwa pamoja. Lakini mshirika asipofika mezani muda mrefu bila sababu, utaratibu unaujua. Tusipokuuliza sisi, tutaulizwa."

"Naujua, mzee. Niondoeni tu."

Alisema kwa heshima, kama mtu anayemwambia mgeni apite. Mzee Filipo hakutegemea hilo. Alikuwa amejiandaa kwa machozi au kwa ubishi.

"Una neno na mtu kanisani?"

"Sina."

"Umemkasirikia Mungu? Sema tu, watu hukasirika. Hata kwenye Biblia walikasirika."

"Hata hiyo hasira sina. Ningekuwa nayo ningewaletea." Mama alitazama viganja vyake. "Hakuna kitu, mzee. Ndiyo hivyo. Naona watu wanaimba, naona midomo inafunguka, hakinifikii kitu. Nikisali ni kama naita kwenye nyumba ya watu waliohama. Mkiniacha kwenye ushirika mtakuwa mmeweka gogo pale kwenye benchi. Mpeni mwingine nafasi."

Nilisikia vizuri kila neno, na nakumbuka nilichowaza: kwamba mimi pia ni gogo, na hakuna aliyeniuliza.

Mwinjilisti Gideoni alikohoa kikohozi chake cha kabla ya wimbo. Mama Damari ndiye aliyegeuka, akamkabili mzee.

"Mzee Filipo, juzi kwenye kikao ulikaa mpaka mguu wako ukafa ganzi. Tulikuona ukichechemea. Je, uliitisha panga?"

"Mama Damari, haya si ya utani."

"Sitanii. Wangu ukifa ganzi naukanda. Naukanda huku nausema vibaya, lakini naukanda, maana mimi najua ni wangu, ingawa wenyewe kwa wakati huo haujui."

"Mguu wangu haukukataa kuja kanisani," alisema Mzee Filipo, na kusema kweli lilikuwa jibu zuri, hata Baba alilikubali kwa kichwa. "Mama huyu ana akili timamu na anasema mwenyewe aondolewe. Tukimwacha, kesho atakuja anayeacha meza kwa sababu ya pombe, naye aseme hajisikii. Tutamjibu nini?"

Mwinjilisti Gideoni akasema jambo hilo lisubiri ujio wa mchungaji. Waliomba, wakaondoka. Mama alirudisha vigoda ndani, akauliza kama nimechota maji.

Alhamisi iliyofuata, jua lilipoanza kupoa, Mama Damari alikuja na wanawake wengine wa kanisa, kila mmoja na ungo wa maharage makavu kichwani. Walisalimia, wakakaa kwenye kivuli cha nyumba yetu, wakaanza kupukuchua.

"Kuna nini?" Mama aliuliza.

"Tumekuja kukaa," alisema Mama Damari.

Ndivyo ilivyokuwa, kila Alhamisi. Hawakuhubiri. Walisema mambo yao: chumvi imeadimika tena, mwalimu mpya anaogopa ng'ombe, jembe la fulani limeonekana kwa fulani likiwa na mpini mpya. Mwisho mmoja wao aliomba kwa maneno mafupi, wakapepeta, wakabeba nyungo zao wakaenda. Mama hakuwashukuru wala hakuwafukuza. Alileta ungo wake, akapukuchua pamoja nao, macho yakiwa kwenye maharage.

Siku moja Mama Damari alisinzia. Alikuwa ameegemea ukuta, mdomo wazi, na koromeo lake likaanza kutoa mlio kama wa kuku anayetafuta pa kutagia. Nilicheka. Kicheko kilinitoka bila ruhusa, cha kwanza tangu surua, na papo hapo nikageuka kumtazama Mama kuona kama kucheka kunaruhusiwa. Hakuwa akinitazama. Alikuwa ameinama mbele ya Mama Damari, akiutoa ungo mapajani pake taratibu sana ili maharage yasimwagike na mwenyewe asiamke. Kisha akarudi kukaa. Hakukuwa na zaidi ya hapo.

Mvua kubwa zikaja. Miaka ile watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi kukimbia mauaji, na wengine waliishia katika vijiji vyetu. Lugha yao na yetu ni kama ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo hatukuwaona wageni sana. Tuliwaona kama watu wa mlima wa pili waliochelewa kuhama. Asubuhi moja akafika mwanamke peke yake, amelowa, na mtoto wa kiume mgongoni. Walimpa nafasi kwenye ghala la kijiji, kando ya kanisa, wakampa moto na uji. Jina lake lilikuwa Spesiyoza. Mtoto alikuwa na homa na kifua. Kesho yake mchana alikufa.

Mimi na Mama tulikuwa tunatoka shambani, magunia vichwani kwa ajili ya mvua, tulipoona wazee wamesimama chini ya paa la kanisa. Tulikwenda kujikinga pale, na ndipo tukasikia. Mtoto alikuwa na rozari ya mbao shingoni. Kwa hiyo ilikuwa wazi: hawa ni watu wa Roma. Misheni yao ya karibu ilikuwa ng'ambo ya mto, na mto ulikuwa umefurika. Hakuna ambaye angevuka kwenda kumwita padre, wala mwili usingesubiri.

"Si kwamba nakataa," Mzee Filipo alikuwa akisema. Maji yalichuruzika kwenye mabega ya koti lake. "Lakini yale makaburi ni ya washirika, tuliyaomba kwa serikali ya kijiji kwa jina la kanisa. Na mtoto ana kanisa lake. Tukimzika kwetu, kesho padre akija atasema tumemnyang'anya hata maiti. Kijiji kitafute sehemu nyingine."

"Sehemu gani, mzee, kwa mvua hii?" aliuliza Mwinjilisti Gideoni.

"Na nani atamwosha?" mwingine akasema chini chini. Watu walikuwa wanaogopa homa ile. Wanawake waliokuwapo walitazamana. Mama Damari hakuwapo. Alikuwa kwa binti yake kijiji cha pili.

Mama alishusha jembe, akaliegemeza ukutani.

"Yuko wapi?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alivuka ua kwenye mvua akaingia ghalani, nami nikamfuata kwa sababu siku zile nilimfuata kila alikokwenda. Ndani kulinuka mahindi na moshi. Spesiyoza alikuwa amekaa na mtoto mapajani, viganja vyake vimelala pembeni, vikitazama juu. Nilimtambua. Simaanishi nilimjua, nilikuwa sijamwona kabla. Lakini uso ule nilikuwa nakaa nao nyumbani.

Mama alikaa chini mbele yake. Kisha akamwuliza kwa Kiha mtoto anaitwa nani.

"Deyo," alisema yule mama.

"Deyo," Mama akarudia. Akanigeukia. "Eunisi, kachukue maji ya moto kwa Mama Mwinjilisti. Halafu pita nyumbani, unajua mbeleko ya Rahabu ilipo. Ilete."

Mbeleko ile ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya kitanda chao, na tangu msiba hakuna aliyeigusa, hata kuikung'uta vumbi. Niliichukua, nikaificha chini ya gunia isilowe. Niliporudi Mama alikuwa ameshaanza kumwosha mtoto, polepole, nyuma ya masikio, katikati ya vidole, kama vile alikuwa anamtayarisha kwenda mahali. Rozari hakuivua. Nayo aliiosha, punje moja moja, akairudisha vizuri kifuani. Nilishika bakuli. Machozi hayakuwapo. Alimfunga Deyo katika mbeleko ya Rahabu, akampa mama yake amshike, kisha akatoka nje.

Wazee walikuwa bado pale pale.

"Kuna nafasi kando ya wanangu," Mama alisema. "Mnaijua. Niliiacha kwa ajili yangu. Mzikeni hapo."

"Mama Eunisi," Mzee Filipo alisema kwa upole, "huyu hatumjui kama ni mshirika."

"Na mimi mnanijua? Tangu mwaka jana mnajadiliana."

Mvua ilipiga paa.

"Mama yake amekaa kule ndani hana mtu," Mama aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Tukimwambia si wetu, atamchukua mgongoni aende naye wapi?" Kisha akasema kwa Kiha, kwa sauti ya kusikika mpaka ghalani, "Ni uwachu." Ni wetu.

Mzee Filipo alimtazama Mama. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona wala sikulidhania: alivua koti. Chini yake alikuwa mzee mwembamba kuliko nilivyofikiri, shati limeshonwashonwa. Alilikunja koti, akampa Mwinjilisti Gideoni, akachukua jembe la Mama lililoegemea ukutani, akashika njia ya makaburini. Wanaume wengine wakamfuata.

Tulimzika Deyo jioni ile kabla giza halijaingia, udongo ukiwa mzito wa maji. Mwinjilisti alisoma, akaomba. Ilipofika mahali pa wimbo alimtazama Mama, kwa mazoea tu nadhani, na Mama akatazama chini. Basi Spesiyoza mwenyewe akaanzisha. Ulikuwa wimbo wa kwao, wa kanisa lao, ambao hatukuwa tumeusikia hata siku moja, lakini maneno yalikuwa karibu na yetu, na wanawake wakaudaka mmoja mmoja mpaka tukawa tunaimba wote, wengine wakikosea, Mzee Filipo akiwa amelowa chapachapa na shati lake na akiimba kwa sauti kubwa mambo ya Bikira ambayo sidhani aliyaelewa hadi alipofika nyumbani. Mama alisimama karibu na Spesiyoza, amemshika mkono juu ya kiwiko, imara, kama unavyomshika mtu kwenye daraja la miti. Midomo yake ilikuwa imefungwa.

Jumapili iliyofuata Mama alivaa, tukaenda sote wanne: Baba, mimi, Mama na Spesiyoza ambaye alikuwa amehamia kwetu. Mahali pa Mama kwenye benchi palikuwa wazi. Nilikuwa nimepaona hivyo Jumapili zote na kudhani ni bahati tu.

Mchungaji alipokuja na pikipiki yake, wazee wakamweleza yote, na akamwita Mama mbele ya baraza kabla ya ibada. Mlango ulikuwa wazi, nasi watoto tulikuwa tumejaa kizingitini.

"Wazee wanasema umerudi," alisema mchungaji.

"Nimekuja," Mama alisema. "Lakini sitaki kuwadanganya. Bado sisikii kitu, Mchungaji. Ni vile vile."

Mchungaji alikuwa mtu mchovu, mwenye vumbi la Kasulu mpaka kwenye nyusi. Alifikiri kidogo. "Hatukukuuliza unasikia nini," alisema. "Ungekuwa mkate wa wanaojisikia, mimi mwenyewe ningeula mara chache. Nenda ukae mahali pako, Mama Eunisi."

Akakaa. Mkate ulipofika akala, na kikombe akanywa, kisha akanipangusa pua kwa ncha ya kitenge.

Spesiyoza aliendelea kukaa nasi; mto ulipopungua akaanza kwenda misheni ng'ambo, na Mama alimsindikiza hadi kivukoni kila Jumapili kabla ya ibada yetu. Baadaye malori ya serikali yaliwachukua wakimbizi kwenda kwenye makazi yao mapya, mbali, na hatukumwona tena.

Kwa miaka mingi nilielewa hadithi hii kwa namna moja. Niliisimulia shule ya Jumapili nilipokuwa mwalimu, na kwenye semina za akina mama, kama ushuhuda wa jinsi Mama alivyopona: alimhurumia mwenziwe, na siku ile ile moyo wake ukafunguka. Watu walipenda. Wengine walilia. Hakuna aliyeuliza, wala mimi sikujiuliza, kwa nini katika kumbukumbu zangu zote za miaka iliyofuata Mama yupo pale benchini, Jumapili baada ya Jumapili, na haimbi. Nilidhani sauti imezeeka.

Nilikuja kumwuliza nikiwa mtu mzima, nina watoto wangu. Alikuwa amekuja kunitembelea, amekaa jikoni kwangu anamenya muhogo.

"Mama, baada ya akina Yona, ulianza lini kusikia tena?"

Hakuuliza nasema kuhusu nini. Alifikiri kwa uaminifu, kama mtu anayetafuta alikoweka kitu.

"Labda ulipojifungua huyu wako wa kwanza," alisema. "Walinipa nimshike, nikashtuka. Nikasema, kumbe."

Nilipiga hesabu kichwani. Nilikuwa msichana mdogo wakati wa surua. Mwanangu nilimpata nikiwa nimeolewa, nimeshakaa mjini.

"Miaka yote ile? Hata baada ya Deyo?"

"Deyo alikuwa mtoto wa mtu, alihitaji kuzikwa. Ningengoja kusikia kitu ndipo nimwoshe?"

"Sasa miaka yote ile kanisani ulikuwa unafanya nini?"

Alinitazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba nimemwuliza alikuwa anafanya nini nyumbani kwake.

"Nilikuwa mshirika," alisema.

Nami niliyekuwa nimelelewa ndani ya kanisa, niliyefundisha somo la ushirika kwa wengine mara nyingi na kulifafanua kwa maandiko, nilichukua kisu kingine nikaanza kumenya muhogo pamoja naye. Utotoni nilidhani watu hukaa pamoja kanisani kwa sababu kila mmoja wao ana kitu kinachowaka ndani. Sikujua kwamba pembeni yangu, bega kwa bega, miaka zaidi ya kumi, alikaa mtu ambaye ndani yake hakukuwaka kitu, na kwamba waliomzunguka walijua, wakasogea ili apate nafasi, wakaimba na sehemu yake.